Fundi wa Katwe aliyeiponya 404 ya marehemu baba

Mwezi wa Shaaban, Peugeot 404 aliyoniachia baba ilichemka mara tatu, na zote tatu ni kwenye jamu ya Bwaise. Mimi nakaa Bombo, kwa hiyo Bwaise siikwepi nikitaka kuingia mjini Kampala.

Gereji ya kwanza, jina lake naliacha, waliniuzia radieta, wakafungua silinda hedi, wakabadilisha gasketi, wakala laki tisa zangu. Wiki ya pili gari likachemka tena palepale, abiria wa taksi wananitazama madirishani na mimi nimeshika kibuyu cha maji kama naenda kutawadha. Niliporudi kulalamika wakaniambia, "Hajati, tia injini ya Toyota upumzike." Nikachukua ufunguo wangu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee wa Katwe, mtaa wa Kampala, kwenye uchochoro wa nyuma ya wachomeleaji. Mzee hana kibao. Ulizia tu mzee wa Peugeot, hata watoto wanaouza maji watakupeleka. Hakufungua boneti. Aliuliza swali moja: "Nyabo (yaani bibi, kwa Kiganda), linachemka likiwa linakwenda au likiwa limesimama?" Nikamwambia likisimama. Akacheka.

Kumbe feni ya 404 haizunguki muda wote. Wafaransa waliiwekea sumaku ya umeme: maji yakipata moto, sumaku inaikamata feni izunguke, yakipoa inaiachia, injini isipoteze nguvu bure. Umeme wa sumaku hiyo unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni, na cha kwangu kilikuwa kimelika kikaisha. Barabara ikiwa wazi, upepo wenyewe unapoza radieta. Kwenye jamu hakuna upepo na feni imelala. Mzee alichukua kaboni ya stata kuukuu, akaipiga tupa mpaka ikakaa vizuri, akasafisha waya. Elfu thelathini na tano. Laki tisa, kisha elfu thelathini na tano! Nilikaa kwenye tairi dakika nzima nikimwomba Mungu anipe subira.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni oili ya difu, ile mashine inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kijana wake alikuja na kopo jipya linalong'aa, mzee akamfokea kwa Kiganda mpaka wachomeleaji wakanyamaza. Difu ya 404 ni parafujo ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba, na baadhi ya oili za siku hizi zina dawa ya salfa inayoitafuna shaba polepole. Laiti kijana angemimina, nisingejua kitu mpaka siku difu ianze kulia. Gereji ngapi hapa Kampala zingejua hilo?

Basi nikamsimulia habari za baba, alivyokuwa akisimama barabarani kutazama magari ya mashindano ya Safari Rally yamejaa tope hata namba hazisomeki. Mzee akaacha spana. Mashindano yale yalianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 iliyashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa kwanza na wa mwisho walioendesha ni Nowicki na Cliff, miaka miwili ya katikati ni Shankland na Rothwell wa Tanzania. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba, na 1968 tena yakamaliza saba. Mzee anayasema haya kama mtu anayetaja majina ya wajomba zake. Nami kwa ujinga wangu nikamkumbusha kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979, kwa magari ya Datsun na Nissan. Akaniangalia, akarudi chini ya gari. Kazi ya saa moja ikawa ya mpaka Alasiri.

Ubaya wake nao upo. Wota pampu aliniahidi Ijumaa, nikaipata Jumatano ya wiki ya pili, simu yake imezimwa siku nne. Risiti hatoi. Na rangi msimpe: aliniitia jirani yake apulize kidogo kwenye mlango wa dereva, sasa mlango una weupe mwingine na gari lina weupe mwingine. Lakini Ramadhani yote nimepita Bwaise jioni, watu wanakimbilia futari, jamu haisogei, sindano ya joto imetulia, na kila baada ya dakika chache nasikia feni ikikamata, tak.

Nendeni kabla ya saa nne asubuhi. Mvua ikinyesha msiende kabisa, uchochoro unajaa maji. Nendeni na pesa taslimu, na Datsun msiitaje mpaka boneti ifungwe.