Taa za UFO kwenye karakana ya mbao: wati pekee hazitoshi

Wakuu, karibuni tena. Leo niko Mafinga, ndani ya karakana ya mbao, na makelele hayo ni ya msumeno wa duara, mtanisamehe. Mwenyeji wangu alikuwa na zile taa za zamani za metali halaidi, wati 400 kila moja. Umeme ukikatika kidogo tu, hata ukirudi hapo hapo mnakaa gizani dakika kumi na zaidi, maana balbu lazima ipoe kwanza ndiyo iwake. Hizo tumeshazishusha.

Hapa nina mbili za LED, zile za duara mafundi tunazoziita UFO. Zote zimeandikwa wati 150. Hii naiinua kwa mkono mmoja. Hii nyingine, eh, mkono unatetemeka. Uzito huo ni alumini ya kupoza, na joto ndilo linaloua LED. Ila bei ya nyepesi ilinivutia hata mimi, siwafichi.

Sasa tazameni. Nawasha nyepesi, nailenga kwa kamera ya simu. Mnaona mistari myeusi inavyotambaa? Kwa macho huoni kitu. Draiva yake, kile kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme, ni duni, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Kwenye ghala la mchele pale Uyole labda mtu angeumwa kichwa tu. Hapa ni hatari: msumeno unaozunguka unaweza kuonekana kama umesimama, kijana akapeleka mkono. Kwangu hilo limetosha. Nyepesi inarudi dukani.

Nzito haina mistari. Kibandiko kinasema lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka, ni 140 kwa kila wati, jumla lumeni 21,000. Boksi likitaja wati bila lumeni, muulize muuzaji. Akibabaika, aga uondoke.

Paa hapa ni mita sita, nimechukua pembe ya nyuzi 120 mwanga usambae. Ghala la mita kumi lenye rafu ndefu, chukua 60 au 90, la sivyo unamulika kuta. Rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini, ni 5000; ile ya 6500 inaipaka paina ubluu, kupanga gredi inakuwa tabu.

Lawama yangu moja: waya wake mfupi mno, nimeunga nikiwa juu ya ngazi. Na ndoano peke yake siiamini juu ya vichwa vya watu, nimeongeza mnyororo. Haya, dogo, washa tuone.