Labo ya kupima vipande vya titi Lubumbashi: rangi inapigwa vizuri, jina la kansere linasahaulika

Huduma tunayoitathmini hapa ni ya labo moja ya binafsi mjini Lubumbashi: kipimo cha vipokezi vya homoni (estrojeni na projesteroni), HER2 (protini inayosukuma baadhi ya kansere kukua) na Ki-67 (alama ya kasi ya seli kugawanyika) kwenye kipande cha titi, kuanzia chupa ya formoli (dawa ya kuhifadhi nyama) hadi karatasi ya majibu. Kazi ya mezani ni nzuri. Ripoti ndiyo inayotia uchungu, hasa kansere ikiwa ya aina adimu.

Tuanze na chupa, maana mengi huharibikia hapo. Yao ina mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha, na formoli ya asilimia 10 iliyokwisha kusawazishwa kwa chumvi za fosfeti. Formoli ya kuzimuliwa kienyeji kwa maji ya bomba hugeuka asidi, ikaacha chembe nyeusi kwenye kioo na kudhoofisha alama ambazo kingamwili, yaani protini ya kipimo inayobeba rangi, huzitafuta. Vipande vinne au vitano vya sindano ya geji 14 (sindano nene ya kuchukulia nyama) vinaenea vizuri. Kanuni ni formoli angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Lebo ibandikwe ubavuni. Ikiwa juu ya kifuniko, vifuniko viwili vikibadilishana mezani, akina mama wawili wamebadilishana ugonjwa.

Fomu yao ina nafasi mbili ambazo wengi huziacha wazi: saa kipande kilipotolewa mwilini, na saa kilipoingia kwenye formoli. Zijazeni. Kati ya saa hizo mbili isipite saa 1, na ndani ya formoli kikae si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Labo haifanyi kazi wikendi, kwa hiyo kipande cha Ijumaa mchana kutoka Kolwezi, Jumatatu kikifika na kusubiri zamu, muda umeshakwisha. Biopsi, yaani kutoa kipande, ya Jumatatu hadi Jumatano ni salama zaidi. Titi zima lililokatwa ni hatari nyingine: formoli hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo katikati huoza huku nje kukionekana kumekauka vizuri. Daktari wa upasuaji alipasue uvimbe kwa vipande vya milimita 5 hadi 10 bila kuutenganisha, baada ya kuweka alama za kingo.

Kinachotufurahisha zaidi ni kwamba ripoti inataja kama vifereji vya maziwa vya kawaida vilivyo pembeni ya uvimbe vimeshika rangi. Hivyo ndivyo shahidi. Vifereji vyenye afya visiposhika rangi ya estrojeni, jibu la "negatifu" halina maana: kipimo kimeshindwa, na mama ananyimwa tamoksifeni (dawa ya kuzuia estrojeni) ambayo ingemsaidia. Asilimia nazo wanaziandika, si neno tupu. Kuanzia 1% ya viini vilivyoshika rangi, kipokezi ni positifu. HER2 ikiwa 2+ (jibu la katikati, si positifu wala negatifu), labo haina kipimo cha jeni cha kuamua, na kipande hupelekwa nje ya nchi. Wanasema hivyo mapema, na tunawashukuru.

Sasa kasoro. Ripoti nyingi huishia kwenye maneno "negatifu mara tatu" (yaani kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni na HER2 vyote ni negatifu), aina ya kansere haipo. Kwa kansere ya kawaida hilo ni upungufu; kwa aina adimu ni kosa zito. Kansere ya metaplastiki, iliyo chini ya asilimia 1 ya kansere zote za titi, mara nyingi huwa negatifu mara tatu, na kwa kawaida hukaidi kemoterapi kuliko negatifu nyingine, ndiyo maana daktari anaweza kuamua kuanza na kisu. Kansere ya adenoidi sistiki nayo huwa negatifu mara tatu, lakini aina yake ya kawaida huenda taratibu, ni nadra kufika tezi za kwapa, na wengi huishi miaka mingi baada ya upasuaji. Neno ni lilelile kwenye karatasi, njia za wagonjwa ni mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kwenye fomu andikeni ombi waziwazi. Seli zikiwa ndefu kama nyuzi, au pakiwa na gegedu au mfupa ndani ya uvimbe (dalili ya metaplastiki): ombeni keratini (protini inayoonyesha asili ya seli) zaidi ya moja, pamoja na alama za CK5/6 na p63. Keratini moja peke yake inaweza kuwa negatifu, kansere ikaitwa sarkoma, yaani uvimbe wa asili nyingine. Pakiwa na vitundu vya mviringo kama chekeche (dalili ya adenoidi sistiki): ombeni alama ya CD117. Kila kingamwili hulipiwa peke yake, basi ulizeni bei kabla, familia ijipange.

Na bloku ya parafini (kipande kilichozamishwa ndani ya nta) ichukuliwe pamoja na ripoti. Labo hii huirudisha ikiombwa. Vioo visivyopakwa rangi hupoteza nguvu baada ya wiki chache, lakini bloku inaweza kupimwa upya hata baada ya miaka, mradi isiachwe ndani ya gari juani mwezi wa Oktoba.