Navidrome, programu ya kusambaza muziki wa nyumbani: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nyimbo zetu zilikuwa zimetapakaa kwenye flashi, simu za zamani na diski ya nje. Nilitaka zikae mahali pamoja, na kila mtu hapa nyumbani Nzuguni azisikilize kwa simu yake kupitia Wi-Fi bila kula bando. Mashine ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana, ndani ya kasha lililofungwa vizuri maana vumbi la Dodoma mnalijua.

Plex, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, niliiacha mapema. Plexamp, programu yake ya muziki, ni nzuri kweli, lakini inataka ufungue akaunti kwao, na sioni sababu ya kupiga hodi Marekani ili nisikilize diski iliyo sebuleni kwangu. Jellyfin, nyingine ya aina hiyo, iliyozaliwa 2018 kutokana na programu ya Emby, haina masharti hayo. Mwenye filamu nyingi achukue hiyo. Kwa muziki mtupu niliiona nzito.

Nimebaki na Navidrome. Ni nyepesi, ni ya bure, na haihitaji intaneti kucheza nyimbo za ndani. Kwenye kivinjari cha kompyuta unaandika anwani ya Pi na poti (namba ya mlango wa programu) 4533, basi. Simu yangu inasikiliza kwa app ya Symfonium, ya kulipia. Mke wangu anatumia Ultrasonic, hailipiwi. Umeme ukikatika na kurudi, inajiwasha yenyewe, nimeipanga hivyo.

Sasa kazi iliyonitoa jasho: tegi. Navidrome haipangi nyimbo kwa folda, inasoma maelezo yaliyo ndani ya faili. Na faili zetu za mtaani! Kwaya nzima inaonekana kwa jina la tovuti iliyoipandisha, nyingine zina namba ya simu ya mtu mahali pa msanii. Hukwe Zawose, wa kwetu huku Ugogoni, alitokea kama wasanii watatu tofauti. MusicBrainz Picard, programu ya kurekebisha tegi, ilinisaidia kwa nyimbo za nje. Za kwaya nilijaza kwa mkono, kila jioni kidogo kidogo.

TV nayo haikuiona Navidrome, kwa sababu inajua DLNA tu, njia ya vifaa vya nyumbani kupeana muziki na video. Nikaweka MiniDLNA pembeni, kwenye Pi ileile, na hazigombani. Mama mkwe anashika rimoti, anafungua folda ya kwaya, anaendelea na mchele wake.

Kama folda zako zimepangika na hutaki kugusa tegi, anza na MiniDLNA. Ukiwa na spika vyumba kadhaa na unataka ziimbe pamoja, jaribu programu ya Lyrion, ile iliyokuwa ya Logitech.