Wakala wa kazi za kufundisha Kiingereza vijijini ng'ambo: makaratasi safi, mkataba wenye matundu

Kwa muda wa miezi 14 nimekuwa mteja wa wakala mmoja anayewatafutia watu kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule za vijijini nje ya nchi zao, na kwa kuwa naulizwa mara kwa mara kama huduma yake inafaa, nimeona niandike tathmini kamili. Jina la wakala sitalitaja. Upungufu nitakaoueleza niliukuta pia katika mikataba ya mawakala wengine wawili ambayo wenzangu walinionyesha, kwa hiyo kubadilisha jina hakutamsaidia sana msomaji. Alama ninazompa ni nyota 2 kati ya 5, na moja kati ya hizo ni ya karani wake aliyejibu barua pepe zangu hata siku za Jumapili.

Karani huyo aliijua kazi yake. Alinielekeza nithibitishe cheti cha shahada kwanza na hati ya polisi ya mwenendo mwema mwishoni kabisa, kwa kuwa hati ya polisi huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati baada ya miezi michache, ilhali shahada haiozi. Alinifafanulia pia tofauti ya nchi zilizomo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ambazo hutambua muhuri mmoja uitwao apostili, na zile ambazo bado hudai hati ipite kwa wakili, kisha wizarani, kisha ubalozini. Orodha yake ilikuwa ya karibuni: ilionyesha, kwa mfano, kwamba China imeanza kuutumia mkataba huo tangu tarehe 7 Novemba 2023. Mtu anayejaribu kuyapanga haya peke yake anaweza kupoteza miezi, na mimi sikupoteza hata wiki moja.

Tatizo la kwanza ni ada. Nilitozwa ada ya usajili, kisha nikatozwa ada ya kupangiwa shule, huku shule nayo ikimlipa wakala huyo huyo kwa kuniletea. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba mawakala binafsi wa ajira hawapaswi kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma, isipokuwa katika hali maalumu zilizoruhusiwa. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, na wakala wangu amesajiliwa katika nchi ambayo haijauridhia, jambo ambalo nililigundua nikiwa nimekwisha kulipa.

Najua msomaji atauliza kwa nini sikwenda kwenye mipango ya serikali, ambayo haimtozi mwombaji chochote. Mpango wa JET wa Japani, ulioanza mwaka 1987, huwapeleka walimu wasaidizi wengi katika miji midogo na vijiji, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja inayoweza kurudiwa hadi miaka 5. Korea Kusini nayo ina EPIK, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye nafasi nyingi katika shule za mikoani. Lakini EPIK hupokea raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti nyingine, hata awe amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza na kukifundisha miaka kumi, hukuta mlango umefungwa kabla hajafungua kinywa. Mawakala wanalijua hilo vizuri, na biashara yao imejengwa juu ya watu wa namna hiyo. Mimi ni mmojawapo.

Mafunzo waliyonipa yalikuwa ya saa 120 kwa intaneti, na cheti chake kilikubaliwa bila swali. Hata hivyo, idadi ya saa peke yake inadanganya. CELTA, cheti kinachosimamiwa na Cambridge, nacho kina saa zisizopungua 120, ila ndani yake mwanafunzi hufundisha darasa la watu halisi kwa saa 6 huku akitazamwa na kupimwa. Katika mafunzo ya wakala sikusimama mbele ya mtu hata dakika moja. Mifano yote ilikuwa ya darasa la watu wazima 12, viti vya kuzungushwa na projekta. Mimi nikakabidhiwa watoto 52, madawati ya kubana na ubao. Kazi ya kufundisha sambamba na mwalimu mwenyeji, ambayo ndiyo iliyojaza siku zangu zote, ilipewa nusu ukurasa katika kitabu chao. Tuligawana wenyewe baada ya kukosana mara mbili: yeye akaeleza sarufi kwa lugha ya watoto, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa katika mtihani wao, nami nikashika matamshi na mazungumzo, safu moja ya madawati baada ya nyingine.

Jambo lililomwangusha wakala huyu zaidi ya yote ni viza. Wiki mbili kabla ya safari nilishauriwa niingie kwa viza ya utalii, nianze kazi, na kibali kifuate. Ushauri huo ulitolewa kwa simu, wala haukuandikwa popote, nami nadhani haikuwa bahati mbaya. Anayekamatwa akifanya kazi kwa viza ya matembezi ni mwalimu: ndiye anayetozwa faini, kurudishwa kwao, na pengine kuzuiwa asiingie tena, wakati wakala yuko ofisini kwake akitafuta mwingine wa kujaza pengo. Nilikataa, nikangoja wiki 7 bila mshahara mpaka kibali kilipotoka. Wenzangu wawili tuliosailiwa nao siku moja hawakukataa, na mmoja wao alirudishwa kabla ya muhula kwisha.

Mkataba wenyewe ulisema nitafundisha vipindi 20 kwa wiki. Haukusema kwamba vipindi hivyo vimetawanywa katika shule 3, wala kwamba mwendo wa kutoka shule moja hadi nyingine, ambao siku za mvua ulikula saa 2, hauhesabiwi kuwa kazi. Kuhusu nyumba, shule iliamini kwamba wakala ndiye mlipaji, wakala akaamini ni shule, nami nikalala mwezi mzima katika chumba cha mwalimu aliyekuwa likizo.

Niliandika malalamiko mara tatu na ada ya kupangiwa shule haikurudishwa. Nilitumiwa, badala yake, nakala ya mkataba wao mpya. Sasa unamtaja anayelipia nyumba na unataka kibali kitoke kabla ya safari, lakini muda wa mwendo kati ya shule na shule bado haumo.