Fundi wa skripti wa Ngamiani kanipangia majina ya funguo, nampa nyota 4

Kama uko Tanga na una skripti ya PHP (lugha ya kuandikia programu za kwenye seva) inakusumbua, kuna fundi yupo Ngamiani, kachumba kadogo jirani na wauza vitenge, nimemtumia mwezi uliopita na nampa nyota 4 kati ya 5. Elfu 80 kwa siku mbili, na humo kuna kukaa na wewe akakueleza, sio anachukua laptop anakurudishia kesho hujui kafanya nini.

Mi nafanya machungwa. Tunakusanya Muheza na Handeni, vijana wakiwa shambani wanajaza fomu kwenye simu, skripti kwenye seva inapokea, inaweka kwenye arei, ile inayotunza kitu kwa jina lake, na jina hilo ndo linaitwa ufunguo, jioni inatoa ripoti. Sasa ripoti ikawa inatoka uzito sifuri, na ubaya zaidi mkulima namba 115 karatasi inamsoma kama mtu mwingine kabisa, mtu kaleta magunia 20 anaambiwa kaleta manne, na yule ni mzee wa watu anategemea hiyo hela, nilikuwa silali.

Fundi hakugusa skripti yenyewe kwanza. Kasema, "Dada, hebu nisomee majina ya funguo zote ulizotumia," akawa anaandika kwenye daftari. Zikatoka jina, Jina, jina_mkulima, jina_la_mkulima, jinaMkulima na name. Kitu kimoja majina sita! Na PHP kila moja inauhesabu ni ufunguo wake, herufi kubwa na ndogo kwake ni vitu viwili, ukihifadhi kwa Simu ukaja kutafuta kwa simu hupati kitu, inatoa onyo tu na null, yani hakuna kitu, halafu skripti inasonga mbele.

Uzito nao tatizo lilikuwa nukta. Kisanduku kwenye fomu nilikiita uzito.jumla, kumbe PHP ikipokea fomu inageuza nukta na nafasi kwenye jina kuwa mstari wa chini, kwahiyo kwenye $_POST, arei ambayo PHP inawekea fomu iliyotumwa, kinafika uzito_jumla na mi namsubiri uzito.jumla ambaye hatokei.

Ila la namba ndo lilinifungua macho. Akaandika var_dump, amri ya kuonyesha kilichomo ndani ya arei, mbele yangu, akanionyesha kwa kidole: "042" ina alama za kunukuu, 115 haina. Yani ufunguo ukiwa ni tarakimu tupu bila sifuri mbele, hata uandike '115' kama maandishi, PHP inaugeuza namba kamili, na '042' inabaki maandishi sababu ya ile sifuri. Mi nilikuwa naunganisha orodha ya Muheza na ya Handeni kwa array_merge, ambayo funguo za namba inazipanga upya kuanzia 0 na za maandishi inaziacha zilivyo. Ndo maana wakulima wa chini ya 100, ambao namba zao zinaanza na sifuri, walikuwa salama siku zote na kuanzia 100 kwenda juu wote wanavurugika! Miezi nimehangaika, yeye kaona kwa dakika kumi. Dawa yake akaweka mkulima_115, mkulima_042, neno mbele, haigeuki tena.

Halafu tukakaa kwenye Kiswahili chenyewe, na hapa ndo namsifu zaidi maana mafunzo mengi niliyosoma yanaongelea majina ya Kiingereza tu, kule wingi wanaongeza herufi mwishoni. Sisi wingi wetu unabadilika mbele, mkulima na wakulima, ukitafuta mkulima kwenye faili zako hukutani na wakulima. Kwahiyo tumekubaliana arei ya wengi ni orodha_mkulima, ya mmoja ni mkulima. Pia tumetoa la, ya, wa katikati, maana leo utaandika bei_ya_gunia kesho bei_gunia na zote masikioni ziko sawa. Herufi ndogo zote, mstari wa chini kati ya maneno, lugha moja.

Na majina yote kayaweka kwenye faili moja kama konstanti, yani jina lenye thamani isiyobadilika. Nikikosea herufi kwenye maandishi ya kawaida napata onyo tu, ila nikikosea jina la konstanti PHP 8 inasimamisha kazi hapohapo na erori, naona kabla mzee hajapewa karatasi ya uongo.

Nyota moja nimeitoa kwa haya. Siku ya pili alichelewa saa zima na hakupiga simu, chumba kina joto sana, na risiti mpaka uombe. Tulibishana pia, alitaka kufupisha iwe uzt_jml, nikakataa, jina refu halimpunguzii PHP kitu ila kijana wangu mpya lazima alisome akaelewa bila kuniuliza, mwishowe akakubali kuacha uzito_jumla.

Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijakaza, na beba faili la maonyo la seva yako, usilizime kama nilivyofanya mi, maana ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza.