Lita 1,400 za boksini, lita 750 za ndoo

Boksi limeandikwa lita 1,400 kwa saa. Ndoo yangu ilinipa 750, filta ikiwa mpya na imejazwa sponji na seramiki zake zote (vipande vya kauri wanamoishi bakteria wanaosafisha maji). Ni filta ya kopo, ile inayokaa chini kabatini na mipira miwili inayopanda hadi kwenye tangi la samaki. Niliinunua hapa Nairobi kwa shilingi 11,500, na kila namba ninayoitaja nimeipima mwenyewe.

Tangi langu liko sebuleni, Buruburu. Fundi wa vioo alinitengenezea lenye urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, yaani lita 240 likijaa hadi ukingoni. Ndani nafuga fulu kumi na wanane. Hawa ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, jamii ambayo mbuta (sangara) aliila ikapungua vibaya baada ya kupandikizwa ziwani miaka ya 1950. Kwangu kila mmoja wao ni amana, na sitaki hata mmoja afe kwa sababu ya maji machafu.

Muuzaji aliniambia, "Mama, hii itazungusha maji yako karibu mara sita kwa saa." Ukigawanya 1,400 kwa 240 utaona hesabu yake ni sawa. Lakini namba ya boksini kwa kawaida ni nguvu ya pampu peke yake, bila sponji wala seramiki ya kuipinga. Kampuni ya Fluval huandika namba mbili, ya pampu na ya maji yanayopita filta ikiwa imejazwa, na huo ndio uungwana ninaoutaka kwa kila kampuni. Jina la hii yangu sitalitaja, maana uandishi huu wa namba moja ni wa wengi.

Sasa upimaji, kwa sababu hapa watu wengi hukosea. Usiweke ndoo sakafuni. Mdomo wa mpira ukishuka chini ya usawa wa maji ya tangi, maji yanateremka kwa uzito wake yenyewe na utapata namba kubwa isiyo ya kweli. Mimi hupandisha ndoo juu ya stuli na matofali mawili, kisha nafunga mpira kwa kamba mdomo wake uwe sawasawa na maji ya tangi. Ndoo nimeiwekea alama ya lita 10. Mwanangu anashika saa ya simu, mimi nashika mpira. Sekunde zikipatikana, gawanya 36,000 kwa hizo sekunde na utapata lita kwa saa. Tangi kama langu hushuka sentimita mbili tu kwa lita 10, kwa hiyo kipimo hakiharibiki.

Kopo likiwa tupu, sekunde 36: lita 1,000. Hata bila sponji, mipira na kona zake zilikuwa zimeshakula lita 400. Nilipojaza kila kitu, sekunde 48, ndizo zile lita 750, mara tatu kwa saa.

Wiki ya saba niliona fulu wamekusanyika upande mmoja, na majani ya mmea ulio karibu na tokeo la maji hayatikisiki. Tukapima. "Mama, tisini!" Sekunde 90 ni lita 400. Nilisuuza sponji kwenye maji ya tangi (ya mfereji yana klorini, huua bakteria wanaokula amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki), nikatupa pamba nyeupe iliyokuwa imeziba kabisa. Sekunde 68. Nilitarajia zaidi. Ndipo nikavuta mipira na kupitisha waya mrefu wenye kipande cha sponji nchani. Utelezi wa kahawia uliotoka ulijaza bakuli. Tukapima tena: sekunde 51, lita mia saba na kitu. Kwangu mpira uliziba karibu sawa na sponji, na kitabu cha maelezo hakina hata mstari mmoja juu ya kusafisha mpira.

Rafiki yangu alikuwa ameniambia nipandishe kopo kutoka kabatini kwa kuwa pampu inachoka kupandisha maji. Sivyo. Mipira yote miwili ikijaa maji, yanayoshuka huyasawazisha yanayopanda. Kinachoiba nguvu ni msuguano, yaani mpira mrefu, mwembamba, uliokunjwa au wenye utelezi. Nilikata sentimita 40 zilizokuwa zimejiviringisha nyuma ya kabati na sijutii.

Mambo mengine kwa haraka. Kimya chake ni kizuri, usiku siisikii. Raba ya mfuniko inahitaji mafuta kidogo ya silikoni kila unapofungua, la sivyo itavuja. Stima ikipotea saa nyingi, mwaga maji yaliyolala ndani ya kopo kabla ya kuwasha tena: hewa huwa imeisha humo, bakteria wameanza kufa, na uchafu ule ukisukumwa tangini ni sumu.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa tangi la lita 200 hivi, ukiihesabu kama filta ya lita 700. Wala usikimbilie namba kubwa peke yake. Eheim Classic 250 inauzwa kwa matangi ya hadi lita 250 na pampu yake ni ya lita 440 tu kwa saa, na kuna watu wamekaa nayo miaka na miaka. Nafasi ya kuweka seramiki ina uzito wake pia. Lakini mwenye tangi la lita 400 na samaki wengi asinunue moja kama yangu kwa kuamini boksi. Achukue mbili, moja kila pembe, asafishe hii wiki hii na ile baada ya wiki tatu.

Mimi sasa nasafisha mipira kila wiki ya tano. Jumamosi tulipata sekunde 50.