Nyaya za kujampu gari za Kirinyaga Road: mpira mwingi, shaba kiduchu

Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, barabara ambayo wengi bado huiita Grogan, nyaya za kujampu (za kuwasha gari lenye betri iliyokufa kwa betri ya gari jingine) utakazoonyeshwa kwanza ni zile za mfuko wa zipu, nyekundu na nyeusi, zimeandikwa 500A, yaani ampea 500. Mkononi zinajaa kama kidole. Kilichojaa ni mpira. Chuna sentimita moja karibu na kibanio kwa wembe, kisha kwaruza uzi mmoja wa ndani: ukitoa weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Stata, mota inayozungusha injini ili iwake, huvuta kwenye injini ndogo ya petroli ampea kama 150. Waya wa namna hii wenye milimita mraba 6, mita 2 kwenda na 2 kurudi, humeza karibu volti 2.8 kwa mvuto huo. Toa hizo kwenye 12.6 uone stata imebakiwa na nini. Ndipo gari linapolia tik-tik-tik, mpira unanuka, na mtu anauziwa stata mpya bure. Shaba halisi ya milimita mraba 16, tena mita 3, hupoteza volti 1 hivi.

Kibanio nacho kina lake. Fungua mshikio wa plastiki: waya umekunjiwa tu kipande cha bati, haukuchomelewa kwa risasi, na taya moja pekee ndiyo inayopitisha umeme. Taya isiyo na waya ikiangukia upande mzuri wa nguzo ya betri, umefunga pambo.

Kwa Vitz ya cc 1000 zinaweza kukuvusha, mradi usiwe na haraka. Kwa dizeli, usijisumbue. Zima magari yote mawili na yasigusane. Nyekundu ianze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi iende hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ibane chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Ncha hiyo ndiyo hutoa cheche, na betri huweza kuvujisha haidrojeni, gesi inayolipuka. (Betri iliyovimba au kupasuka usiijampu kabisa.) Washa gari lenye betri nzima, kanyaga mafuta kidogo, ngoja dakika 10. Kungoja huko ndiko kunakookoa waya mwembamba: betri iliyokufa hunywa chaji polepole, halafu inachangia yenyewe wakati wa kuwasha. Piga stata sekunde zisizozidi 10, pumzisha dakika mbili, rudia. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ya chuma cha injini.

Lori likisimama kukusaidia, uliza volti kwanza. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na hizo zikiingia kwenye gari la volti 12 huweza kuunguza kompyuta na oltaneta (jenereta inayochaji betri).

Hukumu: ziache. Kwa fundi au mwenye Hilux, afadhali kununua waya wa kuweldi wa milimita mraba 25 kwa mita, 3 nyekundu na 3 nyeusi, pamoja na vibanio vinne vya shaba nyeupe (brasi), na kumwambia fundi wa umeme avichomelee kwa risasi. Ni mzigo mzito kwenye buti na bei inapanda, lakini ni laini, haukakamai asubuhi ya baridi, na hauoti moto.

Gari likishawaka, weka mita ya volti kwenye betri. Ikisoma volti 13.8 hadi 14.4, oltaneta inachaji. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, tafuta hitilafu kwenye mkanda au oltaneta. Bila kuirekebisha, waya wowote utakaonunua utakuwashia gari mpaka kona ya pili tu.